Asiye na Dini Ana Imani Gani?

Shahidi anapopanda kizimbani, iwe Masasi, Newala au Kilwa Masoko, kabla hajasema lolote kuhusu kesi huulizwa jina, umri, kazi na dini. Jibu la dini ndilo linaloamua atakulaje kiapo. Mkristo huapa akiwa ameshika Biblia. Mwislamu huthibitisha kwa jina la Mwenyezi Mungu. Asiyekuwa upande wowote huthibitisha tu kwamba atasema kweli, na kwenye kumbukumbu za kesi, miaka nenda miaka rudi, amekuwa akiandikwa kwa neno moja: mpagani.

Neno hilo limewafunga kamba moja watu wawili wasiofanana hata kidogo. Yuko bibi wa Kimakonde anayemwaga unga wa mtama chini ya mti na kuwaita mahoka, yaani mizimu, wa ukoo wake kwa majina, ili mjukuu apone. Bibi huyu anaamini, tena kwa undani. Anajua ni nani kati ya waliokufa anayesikia, na nani katika walio hai ana haki ya kuumwaga unga ule. Na yuko mwalimu wa sekondari mjini Mtwara ambaye, akiulizwa kwa upole, atasema haoni sababu ya kukubali kwamba kuna Mungu, malaika wala mizimu. Bibi ana kila kitu ambacho mwalimu hana, lakini mbele ya karani wa mahakama wote wawili ni wapagani.

Ubishi wa kama kutokuwa na imani ya dini nako ni imani huharibika hapo hapo mwanzoni, kwa sababu hatujatenganisha nani tunamzungumzia. Jibu letu ni hili: kutoamini peke yake si mfumo wa imani. Ila ni nadra sana kumkuta mtu anayeishi kwa kutoamini peke yake. Karibu kila mmoja ana kitu kingine alichokishika, na hicho kingine ndicho chaweza kuwa mfumo. Makosa mengi, ya wacha Mungu na ya wasioamini, hutokea pale viwili hivyo vinapochukuliwa kuwa kitu kimoja.

Neno "imani" linabeba mizigo mitatu

Kiswahili chenyewe kinatutatiza kabla hatujafika kwenye falsafa. Tunasema "yule mama ana imani sana" tukimaanisha ana huruma, hawezi kumpita mgonjwa njiani. Tunasema "nina imani na fundi huyu" tukimaanisha tunamtegemea, tumeshaona kazi yake. Na tunasema "imani ya Kiislamu" au "imani ya Kikristo" tukimaanisha mafundisho: Mungu ni nani, amesema nini, na mwanadamu afanye nini.

Sasa mtu akitamka "mimi sina imani", sikio la Mswahili linasikia maana ya kwanza kabla ya ya tatu. Watu wasio na imani ndio wanaomwibia kipofu. Kwa hiyo anayetaka kusema tu kwamba hajashawishika na mafundisho fulani anajikuta ameshakiri ukatili. Hili si jambo dogo. Ndiyo sababu moja kubwa inayowafanya watu wa aina hiyo wanyamaze, na ndiyo maana tunashauri atakayelizungumzia jambo hili aseme "sifuati dini" au "siamini kwamba Mungu yupo", kutegemea anachokimaanisha, aliache neno "imani" tupu.

Maana ya pili nayo ina mtego wake. Mara nyingi husemwa: "Wewe unapanda basi Mtwara asubuhi, unakwenda Dar es Salaam zaidi ya kilomita 500, dereva humjui, breki hujazikagua. Si imani hiyo?" Ni imani, ndiyo, lakini ni ile ya fundi. Unalipanda basi kwa sababu mabasi mengi yamefika, kampuni inajulikana, dereva ana leseni. Basi likianza kupiga konakona vibaya pale Somanga, imani hiyo inapungua papo hapo na abiria wanapiga kelele. Imani ya mafundisho haifanyi kazi namna hiyo. Muumini mwenyewe atakwambia kwamba kusimama imara wakati wa mtihani ndiyo sifa yake. Anayechukua mfano wa basi na kuhitimisha kwamba kila mtu ana dini amevusha neno kutoka mzigo mmoja hadi mwingine bila kusema.

Kuna neno jingine linalofaa zaidi kazi hii, nalo ni itikadi. Asili yake ni Kiarabu, katika mzizi wa maneno yanayohusu kufunga fundo. Hilo ndilo wazo la mfumo: mambo mengi yaliyofungwa pamoja, ukivuta uzi mmoja mengine yanafuata. Tukiuliza kama kutoamini ni mfumo wa imani, tunauliza kama kuna fundo hapo, au ni uzi mmoja tu, au hata uzi haupo.

Gunia ambalo halijapimwa

Mkulima anapopeleka korosho ghafi ghalani, mpimaji huchota sampuli, akaangalia unyevu, kisha akazikata korosho moja moja na kutazama ndani: hii imejaa na ni nyeupe, hii imesinyaa, hii ina madoa, hii imeoza. Akishamaliza ndipo anapotaja daraja.

Kabla kisu hakijagusa korosho hata moja, mwenye gunia anaweza kusema "hii ni daraja la kwanza". Mpimaji akijibu "bado sijakubali", hajasema kwamba ni daraja la pili. Amesema hajapima. Kuna kauli tatu hapo, si mbili: ni daraja la kwanza, si daraja la kwanza, sijakubali lolote. Ya kwanza na ya pili ni madai, na anayetoa dai anadaiwa sababu. Ya tatu ni kukataa kusaini.

Katika falsafa ya dini tofauti hiyo iliwekwa wazi na mwanafalsafa Antony Flew wa Uingereza mwaka 1972. Alitenganisha anayekana, yaani anayesema Mungu hayupo, na asiye na imani tu, yaani ambaye hajakubali kwamba yupo. Zaidi kidogo ya karne moja kabla yake, mwaka 1869, mwanabiolojia Thomas Huxley alikuwa ametunga neno la Kiingereza, "agnostic", la kuwataja wanaosema kwamba jambo hili halijulikani. Kiswahili hakijapata neno moja lililozoeleka kwa watu hao. Tuna "mkanamungu" kwa anayekana, na kwa wengine wote tunabaki kuzunguka.

Tena sarufi ya mazungumzo yetu inaifuta ile kauli ya tatu. Ukisema "siamini kama atakuja leo", msikilizaji haelewi kwamba huna msimamo. Anaelewa unaamini hatakuja, na anaanza kugawa chakula. Vivyo hivyo "siamini kama Mungu yupo" inasikika moja kwa moja kuwa "naamini hayupo". Asiyetaka kueleweka hivyo hana budi kurefusha: "Sijapata sababu ya kusema yupo, wala sijapata ya kusema hayupo." Sentensi ni ndefu, lakini inazuia saa nzima ya ugomvi.

Maandiko ya kale nayo yalizungumza zaidi na wakanaji. Zaburi ya 14 inamtaja asemaye moyoni kwamba hakuna Mungu. Sura ya 45 ya Kurani, aya ya 24, inawataja wanaosema hakuna ila uhai huu wa dunia na kwamba kinachotuangamiza ni dahari, yaani mpito wa zama. Angalia kwamba hao wa dahari walikuwa na dai kamili: walitaja kinachoua. Wanazuoni wa Kiislamu baadaye waliwajadili chini ya jina la Dahriya. Kuwachukua hao kuwa mfano wa kila asiyeamini ni sawa na kumchukua anayesema "ni daraja la pili" kuwa mfano wa kila mpimaji ambaye bado hajakata.

Hapa wasioamini nao wana kosa lao, na tusilifumbie macho. Wengi hupenda kujikinga na kauli ya tatu ("mimi sina dai lolote, thibitisha wewe") halafu dakika mbili baadaye wanasema dini zote ni hadithi za kutungwa na watu waliotaka kutawala wenzao. Hilo ni dai, tena zito, la historia na la saikolojia. Aliyelitoa anadaiwa ushahidi kama mwingine yeyote, wala hawezi kurudi kujificha nyuma ya gunia ambalo halijapimwa.

Lakini hata dai "Mungu hayupo" likitolewa wazi, ni imani moja, kama ilivyo moja imani kwamba mto Ruvuma unaanzia milima ya Songea. Bado hatujaona fundo.

Mfumo usio na Mungu tunaoujua sote

Mtu akitaka kuona mfumo wa imani usio wa dini ulivyo, hana haja ya kwenda mbali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 linafunguliwa kwa sehemu iitwayo Imani ya TANU, na madai yake yanaanza kwa "TANU inaamini": kwamba binadamu wote ni sawa, kwamba kila mtu anastahili heshima, na kadhalika. Hakuna Mungu humo, wala hakuna kumkana. Shekhe wa Lindi na padri wa Ndanda waliweza wote kubeba kadi.

Ninian Smart, mtaalamu wa elimu ya dini wa Uingereza, alipendekeza sura saba za kutazama mtu anapochunguza dini au kitu kinachofanana nayo: ibada, hisia, simulizi, mafundisho, maadili, jumuiya, na vitu vinavyoshikika. Ujamaa wa enzi ya TANU unazijaza karibu zote. Sherehe ilikuwepo: Saba Saba, siku chama kilipozaliwa mwaka 1954. Simulizi ilikuwepo, ya ukoloni na uhuru. Mafundisho ni hiyo Imani yenyewe. Maadili yalikuwa mawili, ahadi kumi za mwanachama ("fitina kwangu mwiko" wazee wanaikumbuka hadi leo) na masharti ya uongozi yaliyomkataza kiongozi mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Jumuiya ilikuwa balozi na nyumba kumi zake. Vitu vilikuwepo, kadi na Mwenge. Na hisia, waulize walioimba nyimbo zile.

Sasa mpitishe kwenye kipimo hicho hicho yule mwalimu wa sekondari. Kutoamini kwake kunamwamuru sherehe gani? Hakuna. Kunamsimulia nini kuhusu mwanzo wa dunia? Hakuna, akitaja mlipuko mkuu au mageuzi ya viumbe, amevitoa kwenye fizikia na biolojia, masomo ambayo mapadri na maimamu wengi pia wanayakubali kwa kiasi tofauti. Kunamwambia nini kuhusu mke, mali, wageni, kodi? Hakuna. Mabakuli saba, yote matupu.

Na dalili kubwa zaidi ni kwamba kutoamini hakufuatiwi na kitu kimoja. Wapo wasioamini Mungu lakini wanafunga hirizi na kuogopa kurogwa. Wapo wasioamini Mungu wala uchawi. Mabudha wengi wana watawa, mahekalu, mafungo na maandiko, na hawamtambui Mungu muumba. Kwa upande wa pili, wapo wanaomwamini Mungu na hawafuati dini yoyote. Kumjua mtu kuwa haamini Mungu hakukuambii chochote cha uhakika kuhusu mambo mengine anayoyashika.

Mfano wa mpira unafaa, ila una mpaka. Asiye Simba wala Yanga si lazima awe shabiki wa timu ya tatu. Huenda hatazami mpira kabisa. Lakini mtu akisema "mimi ni Namungo", huyo ana timu. Na watu wakianzisha chama cha kupinga mpira, wakakutana kila Jumamosi, wakaandika kanuni na kuchangishana, hao nao wana kitu mkononi, hata kama wanakiita kutokuwa na timu.

Pale kutoamini kunapovaa nguo

Historia ina mifano ya wazi ya hao. Auguste Comte wa Ufaransa, katikati ya karne ya 19, aliunda Dini ya Utu: akaipa kalenda ya miezi 13 yenye majina ya watu wakuu badala ya watakatifu, akaipa mapadri na sikukuu. Urusi ya Kisovieti ilikuwa na Umoja wa Wapiganaji Wasio na Mungu, ulioanzishwa mwaka 1925, wenye magazeti na matawi. Albania ilipiga marufuku dini zote mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio letu.

Mfano ulio karibu zaidi uko ng'ambo ya Ruvuma. Wamakonde wa Mtwara na Wamakonde wa Cabo Delgado ni ndugu, wameoana vizazi na vizazi. Msumbiji ilipopata uhuru mwaka 1975, shule na hospitali za misheni zilitaifishwa, na mwaka 1977 Frelimo ikajitangaza chama cha Kimaksi na Kilenini. Dini ilibanwa, na mila kama jando na matambiko zikaitwa giza la ujinga. Kamba ililegezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kilichofanya kazi pale hakikuwa kutoamini. Kilikuwa itikadi kamili, yenye nadharia ya historia, chama, utii na adui, na kutoamini kulikuwa uzi mmoja ndani ya fundo lile. Anayewalaumu wasioamini wote kwa yaliyofanywa na itikadi ya namna hiyo anakosea kama anayemlaumu kila anayesali kwa kila vita vya dini.

Upo pia mfumo mpole zaidi, utu usio wa kidini. Jumuiya zake za kimataifa ziliandika Tamko la Amsterdam mwaka 1952 na kulirekebisha mwaka 2002 na 2022. Hapo kuna mafundisho, maadili na jumuiya. Norway, tangu mwaka 1951, vijana wa miaka 14 au 15 wamekuwa wakipitia mafunzo ya maadili kisha sherehe ya kuingia utu uzima bila kanisa.

Mtu wa kusini atalielewa hilo upesi kuliko wengi, maana ni jando lisilo na mizimu. Na hapa kwetu jambo la namna hiyo limeshafanyika kwa mwelekeo mwingine. Vincent Lucas, askofu wa Kianglikana wa Masasi kuanzia 1926 hadi 1944, alilichukua jando, akabakiza kambi, tohara na mafunzo, akatoa maombi kwa mizimu na kuweka sala za Kikristo. Waislamu nao wana jando lenye dua. Chombo ni kile kile, kinachomiminwa ndani ndicho kinachobadilika. Kwa hiyo kumwona mtu jandoni, au kumwona akiacha kula hadharani mchana wa Ramadhani, hakukuonyeshi anaamini nini. Kunakuonyesha anaishi na nani.

Kwa nini sheria hulinda kutoamini kama imani

Hoja inayoonekana nzito kuliko zote ni ya sheria: kama kutoamini si imani, mbona kunalindwa pamoja na imani? Mwaka 2005 mahakama ya rufani nchini Marekani ilisema mfungwa wa Wisconsin aliyetaka kuanzisha kikundi cha wasioamini Mungu alindwe kama wenye dini. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010 inasema kila ilipotaja dini, kutokuwa na dini kumo pia.

Lakini kulinda si kuainisha. Kanuni za barabarani zinampa mwenda kwa miguu haki yake kwenye kivuko, hazikumfanya gari. Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliiweka vizuri mwaka 1993 ilipofafanua ibara ya 18 ya mkataba wa haki za kiraia na kisiasa, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 1976. Ilitaja imani za kuwepo Mungu, zisizohusu Mungu na za kumkana, kisha ikaongeza, kama jambo la peke yake, haki ya kutokiri dini wala imani yoyote. Yaani mkanaji ana fungu lake, na asiyeshika chochote ana lake.

Katiba yetu nayo inatoa mfano mzuri kuliko yote. Ibara ya 3 inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi isiyokuwa na dini, na ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo, imani na uchaguzi wa dini. Hakuna anayesoma ibara ya 3 akadhani serikali imekuwa mkanamungu. Tunaelewa vizuri kabisa kwamba kukosa dini si kuwa na dini ya kukosa, ila tukigeuka kutoka kwa nchi kwenda kwa mtu tunalisahau.

Katika maisha ya kila siku

Sensa za Tanzania hazijauliza dini tangu 1967, kwa hiyo anayekutajia idadi ya wasioamini wa Mtwara au Lindi amekisia. Kenya iliuliza mwaka 2019, ikawapa wafuasi wa dini za jadi kisanduku chao, lakini ikawaweka wasio na dini na wakanamungu pamoja: watu 755,750. Nusu ya kosa la neno "mpagani" ilirekebishwa, nusu ikabaki.

Kwenye fomu yenye mstari wa dini, asiye nayo aandike "hakuna". Akiandika "mkanamungu" ametoa dai, na ni haki yake kama ndilo analolimaanisha.

Ndoa ina njia iliyonyooka. Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kiserikali, ile ya bomani. Taarifa hupelekwa kwa msajili siku 21 kabla, hutangazwa ili mwenye pingamizi aseme, na siku ya kufunga huhitajika mashahidi wawili. Hutumiwa pia na waumini wa dini mbili tofauti.

Pagumu ni mirathi. Mtu akifa bila wosia, mahakama huangalia namna alivyoishi na alichokusudia ili kujua itumie sheria ipi: ya Kiislamu, ambamo mjane mwenye watoto hupata thumni, yaani moja ya nane, ya kimila, ambayo kwa Wamakonde, Wamwera, Wayao na Wamakua wa asili hufuata ukoo wa mama, mjomba na wapwa wakiwa na sauti, au ya kiserikali. Mahakama haina namna ya kuufungua moyo. Inasoma jina, ndoa, mazishi ya wazazi, sikukuu alizokula, watu waliomwita ndugu. Aliyeitwa Hamisi, akafunga ndoa kwa shekhe kumridhisha mama na kwenda Idi kila mwaka na watoto wake, atarithiwa kama Mwislamu hata kama kwa miaka 30 hakuamini neno. Kama anataka vingine, aandike wosia akiwa mzima, autie saini mbele ya mashahidi wasiopungua wawili wanaojua kusoma na wasio warithi, na nakala aiweke mahali pasipo chini ya godoro. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, hupokea na kutunza. Kuhusu maziko aseme na watu wake mapema, kwa mdomo na kwa maandishi, maana wosia mara nyingi hufunguliwa baada ya kaburi kufukiwa.